Namba ya Jioni

Mpaka leo nikipita karibu na nyumba ambayo wamechemsha majani ya mkaratusi, miguu yangu husimama yenyewe. Harufu ile ni kali, inapanda puani na kushuka mpaka kifuani, na nyuma yake hufuata harufu ya malimao, tangawizi na mchaichai. Wengine wakiisikia hukumbuka mafua ya utotoni. Mimi naliona blanketi la kijivu lenye mistari miwili myekundu, limefunika kiti na sufuria na mtu, katikati ya chumba chetu kule Olmotonyi, na mvuke unatoka kwenye pindo zake na kutambaa sakafuni. Ndani ya blanketi yumo baba. Mimi nimesimama mlangoni na kikombe cha maji. Mama ameniambia nihesabu mpaka mia tatu, kisha nimwambie atoke. Nimefika mia tatu. Nimemwita. Blanketi halijatikisika.

"Baba, mia tatu tayari."

"Nipo," akajibu kutoka ndani, kwa sauti ya mtu aliye mbali sana. "Hesabu tena."

Nikahesabu tena. Mvuke ulikwisha, sufuria ikapoa, na bado alikaa mle gizani ameinama, kama vile blanketi lile ndilo nyumba yake na sisi tulikuwa nje. Baba hakuwa na mafua. Hakuwa na kikohozi wala homa. Ndani ya nyumba yetu tulilijua hilo watu watatu, na nje hapakuwa na mtu hata mmoja aliyelijua. Hilo ndilo lililokaribia kutuua, si ule ugonjwa ambao dunia nzima iliuogopa mwaka ule.

Baba alikuwa mpishi wa mlimani. Watalii walipopanda Meru au Kilimanjaro, yeye alitangulia na wapagazi, akafika kambini kabla yao, na wageni walipotokea wakiyumba kwa uchovu walikuta supu inachemka. Wapagazi na wapishi hujiita wagumu, na kweli walikuwa wagumu. Baba aliweza kukaanga viazi kwenye upepo unaong'oa hema. Akirudi nyumbani begi lake lilinuka mafuta ya taa na moshi, na chini kabisa kulikuwa na vipande vya chokoleti vilivyopondeka ambavyo vilikuwa vyangu. Nilikuwa mtoto wa pekee na mwenye aibu nyingi. Shuleni niliweza kumaliza wiki bila kunyoosha kidole. Lakini baba akiwa na habari za mlimani nilikaa karibu na jiko nikasahau hata kuona aibu. Alinieleza jinsi asubuhi mtu anavyopita kwenye kila hema na beseni la maji ya moto akiita "Washi washi!" ili wageni wanawe uso kabla ya chai. Na alinieleza jambo la jioni. Kila jioni, kabla ya watu kulala, kiongozi wa msafara hupita hema kwa hema akiuliza swali moja: kichwa kinakuuma kiasi gani, kutoka sifuri mpaka kumi? Kule juu hewa ni nyepesi na inaweza kumwua mtu mwenye nguvu zake. Anayesema saba au nane hushushwa siku hiyo hiyo, na akifika chini anapona. Anayeogopa kushushwa husema mbili, na kesho yake watu wanamfuata na machela.

Kiongozi wa baba alikuwa Mzee Lomayani, Mwarusha mrefu, mwembamba, aliyekaa nyumba ya nne kutoka kwetu ukielekea msituni. Sisi watoto tulimwita Babu. Ukikutana naye njiani uliinamisha kichwa, naye akaweka kiganja chake utosini, kizito na chenye joto, akaitikia salamu yako bila haraka. Baba aliniambia kwamba Babu huyo alishawahi kuokoa mgeni kwa sababu ya glavu. Mgeni yule alikuwa anapanda vizuri, anacheka, na kila akipumzika anamgawia mpagazi kitu: mara kofia, mara miwani, mara glavu. Wapagazi walifurahi wakasema huyu ana roho nzuri kweli. Babu Lomayani alipoona glavu zimetolewa alitupa kikombe cha chai chini akapiga kelele, "Mshusheni huyo sasa hivi!" Mtu akianza kuacha vitu vyake huko juu, baba alisema, ujue kichwani mwake ameshaanza kuondoka.

Nilikuwa darasa la tano masika yale yalipoingia na wageni wakakatika. Kwanza tuliacha kusikia ndege. Kisha yale magari ya watalii yenye paa la kufunguka, yaliyokuwa yakipita barabara kuu kila asubuhi, yakaegeshwa yakiwa na maturubai juu, mstari mmoja mrefu, kama ng'ombe waliolala. Shule zikafungwa. Kila geti likawekewa ndoo ya koki na kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye wavu. Redio ilizungumza tangu asubuhi kwa sauti iliyofanya hata matangazo ya biashara yaogopeshe. Mvua ilinyesha bila kupumzika, na ukungu ukashuka kutoka msitu wa misindano ya serikali ukakaa juu ya migomba yetu, hata wiki nzima zikapita hatujauona mlima. Tulijua upo tu pale nyuma. Kanisani kengele ililia mara mbili kwa wiki, mara tatu, na maziko yakawa ya watu wachache waliosimama mbalimbali bila kushikana mikono. Siku moja nilikutana na Babu Lomayani, nikainamisha kichwa kama siku zote. Nilisubiri. Nilipoinua macho alikuwa amerudi nyuma hatua mbili, mkono wake ukiwa hewani. "Samahani, entito," akasema. Ndivyo Waarusha walivyotuita wasichana kwa Kimaasai. "Mpaka jambo hili lipite."

Baba mwanzoni alipika. Hakuwahi kujua kupika kwa ajili ya watu watatu, mkono wake ulizoea watu kumi na watano, basi kila siku tulikuwa na sufuria kubwa ya supu ya karoti, na majirani wakaja na mabakuli, wakacheka, wakasema tumehamia kambini. Kisha unga ukaanza kupungua na mama akamwomba apunguze. Hakupunguza, aliacha kabisa. Alikaa kwenye kigoda akiutazama ukuta, akinoa kisu chake cha kazi ambacho kilikuwa kikali tayari. Kile kisu kilikuwa na mpini wa mbao mweusi uliolika pale kidole gumba kinapokaa, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, hata mama. Akaacha kuoga. Akaacha kula mezani. Usiku sikusikia mkoromo wake, ndiyo maana nikajua halali. Ukimwuliza kitu alijibu swali la jana. Mara moja nilimkuta amesimama mlangoni na viatu vyake vya mlimani mguuni, amevifunga vizuri, amebeba begi tupu. Aliniuliza msafara umeondoka saa ngapi.

Mama aliogopa kitu kingine kuliko mimi. Kwao, Machame, alikuwa na kaka ambaye wakati mmoja alikaa ndani miezi mitatu bila kusema, na watu wakampa jina la kichaa. Alipona, akalima kahawa yake, akaoa, lakini jina lile lilimfuata kila mahali, na likawafuata dada zake hata walipokuwa wanaposwa. Jioni moja mama aliniita jikoni akafunga mlango.

"Ukiulizwa baba yuko wapi, sema ana mafua."

Nikamwangalia. Hata mimi nilijua mwezi ule neno hilo lilimaanisha nini.

"Mama, watatukimbia."

"Watukimbie. Mafua watasahau. Lile jina lingine hawasahau." Alikuwa anakata majani ya mkaratusi kwa mkono, anayatia kwenye sufuria. "Na leo tunamfukiza, mlango wazi, wasikie harufu."

Hivyo ndivyo baba alivyoingia kwenye blanketi la kijivu. Ilikuwa dawa ya ugonjwa asio nao, kwa ajili ya pua za majirani. Na majirani waliisikia. Jirani aliyetuuzia maziwa akaanza kuacha chupa kwenye jiwe la njiani, akigonga geti kwa fimbo na kuondoka mbio. Wenzake mama wa kwaya walituma salamu kwa simu, wakasema wanatuombea, na hawakuja. Chuma, mpagazi kijana ambaye baba alimpenda kama mdogo wake, alikuwa bado hajapata habari. Alisimama barabarani akapaza sauti kama kawaida yake, "Mpishi! Oya, Mpishi! Washa hata jiko tunuse, tumekuwa kama paka wa bandani!" Mama akatoka akamwambia. Nilimwona Chuma akivuta shati lake likafunika pua, akarudi nyuma taratibu, macho yamemtoka. Nilimwona na baba pia. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Aliposikia sauti ya Chuma uso wake ulikuwa umeanza kuamka, midomo ikajiandaa kujibu. Kisha akasikia hatua zinavyoondoka. Alirudi kwenye kigoda, na tangu siku ile hata lile swali la jana hakulijibu tena.

Siku ya kisu mvua ilikuwa imeacha kidogo. Mama alikuwa ameondoka asubuhi kwenda Olasiti kwa dada yake kuomba mahindi. Ilikuwa saa nane hivi mchana, lakini ukungu ulifanya ionekane kama jioni. Baba aliinuka kwenye kigoda, na kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba alinawa uso. Alichota maji, akaosha na kile kisu, akakikausha kwa shati lake, akakifunga kwenye kipande cha khanga cha zamani. Alinijia nilipokuwa nimekaa kizingitini nikichambua maharage. Alitabasamu. Nilikuwa sijaliona tabasamu lile kwa wiki nyingi, na nilipaswa kufurahi.

"Chukua, Neema. Kitakufaa ukikua."

"Na wewe utapikia nini?"

"Wewe kitunze tu."

Akapita geti. Hakuvaa koti. Nilimsikiliza akipanda njia ya msituni, viatu vikisaga kokoto, mpaka ukungu ukameza sauti. Nikaingia ndani. Koti lake la mlimani, lile la buluu ambalo hakuwahi kutoka bila hilo wakati wa baridi, lilikuwa msumarini. Saa yake ilikuwa mezani, imelazwa uso juu, na kando yake funguo na simu, vyote vimepangwa kama mtu anayekabidhi zamu. Nilisimama na kisu mikononi. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyofikiri. Na pale nikazikumbuka zile glavu.

Sijui nilisimama kwa muda gani. Mama alikuwa amenikataza kusema, na mimi nilikuwa mtoto wa kutii, na zaidi ya hapo nilikuwa mtoto ambaye kuongea na mtu mzima asiye wa nyumbani kulimtia jasho. Kama angekuwa mtoto mwingine angepiga kelele pale pale. Mimi nilitembea. Kisha nikakimbia, na kisu kifuani, nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka geti la Babu Lomayani. Alikuwa kibarazani anatengeneza mshipi wa begi. Aliponiona akainuka upesi, akanyoosha fimbo mbele yake.

"Simama hapo hapo! Hapo kwenye ndoo. Nawa mikono kwanza."

Sikunawa.

"Neema, baba yako anaumwa, mwanangu. Hutakiwi kutembea kwenye nyumba za watu. Mama yuko wapi?"

"Hana mafua," nikasema.

"Unasema?"

"Baba hana mafua. Tumedanganya. Hajawahi kuwa na mafua." Nikafungua khanga nikamwonyesha. "Amenipa kisu chake, Babu. Na saa ameiacha, na koti ameacha. Amepanda juu."

Fimbo ikamwanguka. Sijawahi kumwona mzee akishuka ngazi kwa kasi ile. Alinifikia pale kwenye ndoo, na bila barakoa, bila sabuni, bila hatua mbili, akaweka kiganja kizima juu ya kichwa changu. "Umefanya vizuri kusema," akaniambia. "Ingia ndani kwa bibi." Kisha akatoka barabarani akaita kwa sauti ya kambini, majina matano, moja baada ya jingine. Watu walitoka kwenye nyumba zao wakiwa na barakoa za vitambaa na maswali, na Chuma wa kwanza. Babu aliwaambia maneno manne tu: "Mpishi ameacha vitu vyake." Hakuna aliyeuliza habari za mafua. Wagumu wale walielewa, wakaanza kukimbia kupanda.

Mimi sikuingia ndani kwa bibi. Niliwafuata kwa nyuma mpaka mahali misindano inapoanza, nikasimama kwenye kigogo, kwa hiyo yaliyofuata niliyasikia zaidi ya kuyaona. Walijipanga mstari, kama wanavyomtafuta mgeni aliyepotea, kila mtu akimsikia mwenzake. Kwanza waliita jina lake. Msitu wa misindano hauna ndege wengi, na chini ni majani makavu tu yanayonyonya sauti; waliita na jibu halikuja. Upande wa kulia kulikuwa na korongo, na nilisikia mtu mmoja akisema neno hilo, korongo, na mwingine akimnyamazisha. Kisha kukawa kimya kirefu, ambacho kwenye ndoto zangu bado hakijaisha. Halafu Babu Lomayani akabadilisha wito. Aliita kwa ile sauti ya kuimba ya asubuhi ya kambini, kana kwamba mahema yalikuwa mbele yake na wageni wamelala.

"Washi washi! Maji ya moto! Washi washi!"

Wengine wakaelewa wakapokea. Watu wazima sita, msituni, ukungu umewafunika, wanaita maji ya moto ambayo hayapo. Waliita mara ya tatu, ya nne. Na kutoka kule kulia, karibu sana na pale lilipotajwa korongo, sauti iliyokauka ikauliza:

"Nani amewasha jiko?"

Chuma alimfikia wa kwanza. Nilimsikia akilia na kumtukana kwa pamoja: "Wewe Mpishi wewe! Jiko nani awashe, sisi tunajua kuwasha jiko sisi?" Walishuka naye wakiwa wamemshika kwa pande zote mbili, wamembana kama anavyobanwa mgeni anayeshushwa, na hakuna aliyekumbuka umbali wa mita moja. Baba aliponiona kwenye kigogo alisimama. Aliangalia kisu mikononi mwangu. Akaweka mkono usoni.

Mama alirudi na mahindi akawakuta wanaume sita uani kwetu. Alielewa kabla hajaambiwa, akanitazama mimi, na kwa siku tatu hakunisemesha. Ile ilikuwa adhabu nzito. Lakini jioni ile ile Babu Lomayani alimwambia mbele ya wote, kwa upole, "Mama Neema, sisi tumewahi kushusha madaktari, tumeshusha wanajeshi. Mtu kushushwa si aibu. Ulitunyima nafasi tu." Na kesho yake alimpeleka baba zahanati, akaongea na mganga, wakaandikiwa kwenda hospitali ya mjini ambako kulikuwa na mtu wa kusikiliza magonjwa ya namna ile. Baba alipata dawa. Alikwenda kila baada ya wiki mbili. Lakini zahanati ilikuwa ya asubuhi, na shida ya baba ilikuwa inakuja jua likizama. Kwa hiyo Babu akaanzisha jambo lake.

Kila jioni, saa kumi na mbili kasoro, wagumu walikuja getini kwetu. Walinawa kwenye ndoo, wakasimama kwenye duara pana, nje kabisa, hata kama mvua inanyesha, na barakoa zao. Babu aliuliza kama kambini, ila sasa si kichwa bali moyo, unauma kiasi gani, sifuri mpaka kumi, na baba alijibu wa kwanza. Siku ya kwanza alisema tisa, huku anaangalia chini. Nilidhani sasa watatawanyika kwa aibu. Mtu aliyefuata, baba wa watoto wanne, ambaye sikuwahi kumwona bila kicheko, akasema, "Saba." Wa tatu akasema nane. Babu Lomayani akaivua kofia yake, akasema, "Mimi mwenyewe sita. Tangu mwezi wa tatu." Walitazamana. Walikuwa wamekaa nyumba jirani miezi ile yote, kila mmoja akiutazama ukuta wake. Chuma alikuwa wa mwisho, akachezesha mabega. "Mimi moja. Moja tu, wazee. Mimi chuma!" Wote wakacheka, na tulihitaji kicheko.

Basi ikawa hivyo jioni baada ya jioni, na baba akashuka kutoka tisa, polepole, saba, nane tena, saba, sita. Siku aliyosema tano aliniomba kisu. Alipika supu ya karoti, akakosea kipimo kama zamani, ikatosha geti zima. Mama aliigawa yeye mwenyewe kwenye mabakuli. Alipofika kwangu aliniongezea kipande cha nyama, akasema, "Kula." Nikajua amenisamehe, au ameniomba msamaha, kwake vilikuwa neno moja.

Na Chuma aliendelea kusema moja. Alisema moja akiwa amekonda. Alisema moja akiwa amevaa shati lile lile siku nne. Tulikuwa tunamtazama baba wote, tunasikiliza namba ya baba, na Chuma alikuwa mchezo wetu wa kufungia kikao. Jioni moja hakuja. Tulisema amekwenda kutafuta kibarua Engutoto. Jioni ya pili Babu aliuliza namba kwa haraka, akaenda chumba alichopanga Chuma, na aliporudi alikuwa anatembea kama mtu mzima sana. Sitaandika alivyokufa. Si ule ugonjwa uliomwua. Tulimzika kwenye mvua, watu wachache, wagumu sita na mama yake aliyetoka mbali, na baba alikuwa mmoja wa waliobeba. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilikuwa nimejifunza kwamba kusema kunaokoa. Pale makaburini nikajifunza kwamba mtu anaweza kusema kila siku, mbele za watu, na bado akawa hajasema.

Baada ya maziko wagumu walisimama getini kwetu kama kawaida. Nafasi ya Chuma kwenye duara waliiacha wazi. Babu hakuuliza namba. Alisema, "Nilisahau swali la pili." Kambini, alieleza, namba haimalizi. Ukishasikia namba unauliza: leo umekula nini? Jana ulilala saa ngapi? Maana namba mtu anaweza kuitoa mdomoni tu, lakini chakula na usingizi lazima avikumbuke, na akivikumbuka uso wake unasema. "Kwa mgeni nisingesahau," akasema. Tangu siku ile yalikuwa maswali mawili, mpaka wageni walipoanza kurudi na duara likapungua mtu mmoja mmoja kwenda mlimani.

Sasa magari yale yamefunuliwa na ndege zinatua. Watu wanashikana mikono kama vile hatukuwahi kuogopa viganja vyetu. Ndoo yetu ya getini ilipasuka, mama ameijaza udongo amepanda vitunguu. Mimi niliishia darasa la saba, nafanya kazi kwenye bustani ya miche, karibu na mahali misindano inapoanza. Baba anapika mlimani, na akiwa nyumbani namwuliza namba yake kila jioni, naye ananijibu bila kuona haya, tatu, nne, na kuna wiki anasema saba nasi tunajua la kufanya. Lakini majirani wameacha kuulizana. Ukipita njiani unasikia "Za saa hizi?" na "Salama," "Salama," geti hadi geti, na nikisikia salama zilivyo nyingi na zilivyo nyepesi, shingo yangu hupata baridi. Mwaka ule wa hofu tulikuwa tunaangaliana zaidi.

Babu Lomayani amestaafu. Bibi alifariki mwaka jana, watoto wako mjini. Wiki iliyopita nilimpelekea miche ya sukuma. Nilimkuta kibarazani, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa, na yeye anautazama. Nikainamisha kichwa, akaweka kiganja. Kilikuwa chepesi.

"Babu, leo ngapi?"

Akacheka. "Mbili tu, entito. Mbili. Nenda, giza linakuja." Alijibu upesi mno, kabla hata sijamaliza. Kisha akainua kutoka mapajani ile fimbo yake ya mlimani, yenye alama za moto, ambayo hajawahi kumwachia mtu. "Na hii ipeleke kwa baba yako. Mimi nimeshatembea vya kutosha."

Zamani ningeipokea kwa mikono miwili, nikasema asante, nikaondoka haraka kwa aibu yangu. Niliiegemeza ukutani, karibu yake. Nikampigia baba simu nikamwambia aje. Kisha nikavuta kigoda nikakaa, nikautazama ule uso niliouogopa na kuupenda tangu utoto, nikamwuliza swali la pili.